UZI: Sebule ya familia yenye makabati ya kujengea ukutani, tunataka ifanane na sisi sio na katalogi

BabaWawili
Wakuu habari zenu. Nina chumba, ile sebule ya ndani ya familia sio ya wageni, upana mita 4.2, urefu mita 5.1, dari liko sentimita 245. Kuna dirisha moja la mita 1.8 kwenye ukuta mrefu na mlango uko kwenye kona. Ule ukuta mfupi wa mita 4.2 nataka niufunike wote kwa makabati ya kujengea, chini hadi juu, TV inchi 65 katikati, shelfu kushoto na kulia, taa za LED kila mahali. Nimeangalia picha mpaka macho yanauma, afu nikimwonyesha mke wangu anasema zote ni kitu kimoja, mapokezi ya hoteli. Na nikiangalia vizuri ana pointi. Tuko wanne, watoto wana miaka 6 na 9, vitabu tunavyo vingi, maboksi ya michezo ya mezani, cherehani ya mama watoto, na gitaa langu ambalo linahama kona hadi kona. Nataka mtu akiingia humo ajue wanaishi watu fulani. Naanzia wapi? Mafundi waliopita hapa wote wanauliza rangi gani na milango mingapi, hakuna aliyeuliza humu ndani tunafanya nini.

KochiLaPembeni
Nimeweka kambi hapa, wenye nondo washushe.

FundiRanda
Mkuu hao mafundi usiwalaumu sana, milango ndo kipimo chao cha kupigia hesabu ya kazi. Ila kabla hujachora hata mstari mmoja toa vitu vyote vitakavyoishi kwenye huo ukuta uviweke sakafuni. Vitabu visimamishe kwa mstari mmoja vimebanana kama vitakavyokaa kwenye shelfu, afu vuta futikamba uone ni mita ngapi, virefu pembeni vifupi pembeni. Maboksi ya michezo ya mezani mengi ni mraba wa karibu sentimita 30 kwa 30 kwa hiyo shelfu yenye kina cha 30 kamili na mlango mbele itakutesa, mlango haufungi, hayo yapeleke kwenye makabati ya chini. Cherehani ni kitu kizito, ukiipandisha juu ya kichwa haishuki na ukiiweka chini kabisa mtu anachoka kuinama, matokeo yake inabaki mezani mwaka mzima, hiyo itengenezee ubao wa kuvuta usawa wa kiuno au chini kidogo ya hapo. Gitaa mpe kishubaka cha wazi, upana kama 45 na kimo kama 115, lining'inie. Gitaa la kufungiwa kabatini halipigwi, niamini.

Ukishapima hivyo ndo unajua unahitaji mita ngapi za shelfu, na nakwambia mapema utakuta ni chache kuliko ukuta ulionao. Yani ule ukuta mzima wa makabati ni wazo la picha, sio la vitu vyako.

Jambo la pili kina. Picha nyingi zina kina kimoja kuanzia sakafuni hadi darini, ukikaa pale unahisi ukuta unakujia. Chini piga 45, juu 31. Kwanini 31 na sio 30 au 35? Shiti ya plaiwudi ni 244 kwa 122, ukikata vipande viwili vya 45 unabaki na kipande cha 31 na pointi, msumeno ukila milimita zake 3 kila mkato bado unatoka salama. Shiti moja imekupa kina cha chini na cha juu, na mabaki ni unga tu. Na ile tofauti ya 14 inakuwa kaunta ndogo ya kuwekea taa, funguo, miwani.

MpangajiSugu
Mi haya mambo ya kujengea ukutani siyaelewi. Unafunga hela ukutani, ukihama unamwachia mwenye nyumba, watoto wakikua huwezi kusogeza hata sentimita moja. Nunua kabati lako la miguu, likikuchosha unalihamisha. Fanicha ni ya kutembea.

FundiRanda
@MpangajiSugu bwana una haki kwa asilimia fulani, ila siku hizi hakuna anayejenga likabati zima likawa kipande kimoja cha ukuta. Unatengeneza masanduku huru, kila moja lina mgongo wake na ubavu wake, yanasimama juu ya kitako kimoja cha mbao, yanaunganishwa kwa skrubu ndani ambako hauoni. Kinachofanya macho yaone kimejengewa ni zile fito nyembamba za kuziba pembeni na juu. Siku ya kuhama unatoa fito, unatoa skrubu, unaondoka na masanduku yako. Fito tu ndo utakata upya.

MpangajiSugu
Hapo sawa, nimekaa.

BiKimya
Baba Wawili, mke wako kakuelewesha vizuri na hujamsikiliza mpaka mwisho. Picha zinafanana sio kwa sababu ya rangi, zinafanana kwa sababu zote zimeanza na TV katikati afu kila kitu kinapangwa kama gwaride kuizunguka. Chumba chenye haiba hakianzi na kitu cha kutazama, kinaanza na mahali pa kukaa. Na wewe mahali pako bora pa kukaa hujapataja zaidi ya kutupa vipimo: dirisha. Mita 1.8! Hilo ni kiti tayari, mtu mzima anajilaza pale na kitabu. Makabati mawili membamba marefu kila upande wa dirisha, katikati benchi, juu yao ubao unaounganisha, umeshapata chumba ndani ya chumba. Mackintosh, yule msanifu majengo wa Scotland, alifanya kitu cha namna hii kwenye nyumba ya Hill House kulekule iliyoisha mwaka 1904, sebule ina eneo la dirishani lenye kiti cha kujengea na shelfu pembeni zake, zaidi ya miaka mia imepita na bado watu wanakwenda kuiangalia. Sio kwa sababu ya urembo wake tu, ukiiona unajua kabisa mtu ataenda kukaa wapi mchana na wapi usiku.

Kwa hiyo ushauri wangu, pesa na nguvu kubwa peleka dirishani. Ukuta wa TV ufanye wa kawaida kabisa, makabati ya chini tu urefu wote, juu uache wazi upande mmoja.

BabaWawili
Dah dada umenifumbua macho. Dirisha nilikuwa nalihesabu kama tatizo, maana linanizuia kuweka kochi refu. Sasa hicho kiti vipimo vyake vikoje? Na chini yake niweke mfuniko wa kunyanyua, si ndo stoo nzuri ya midoli?

NyotaYaPili
Mama wa watatu hapa, mfuniko HAPANA. Kwanza vidole, mfuniko mzito unamwangukia mtoto mkono ukiwa ukingoni. Pili kila ukitaka kitu cha chini inabidi mtu anyanyuke, mito itolewe, godoro litolewe, baada ya wiki mbili stoo inakuwa kaburi. Weka droo za kuvuta mbele, mtoto wa miaka 6 anafungua mwenyewe na (tuombe Mungu) anarudisha mwenyewe. Kama ni lazima mfuniko basi weka zile bawaba za kujishikilia, unasimama popote unapouachia.

Na kitu kingine ambacho kwenye picha hawakuonyeshi, ukiweka kiti chini ya dirisha umempa mtoto ngazi ya kulifikia dirisha. Funga kizuizi dirisha lisifunguke zaidi ya sentimita 10, hasa kama ni ghorofani. Kizuizi kiwe cha aina ambayo mtu mzima anaweza kukitoa haraka ikitokea dharura ya moto.

BiKimya
@NyotaYaPili umemaliza kila kitu mama.

Vipimo: juu ya godoro iwe kati ya 43 na 48 kutoka sakafuni, na kumbuka ukikaa sponji inashuka, kwa hiyo ukitumia sponji ya 8 sanduku liwe kama 38 au 40. Kina 50 hadi 55 kama ni cha kukaa tu, ila cha kupandisha miguu na kuegemea ubavuni nenda 60. Kwenye pembe ambapo mtu ataegemeza mgongo usiache ubavu mkavu wa kabati, tafuta mto mnene au ubao ulioinama kidogo. Na pazia refu lisahau, litakuwa linakaliwa kila siku. Weka pazia la kukunja kwenda juu ndani ya fremu ya dirisha.

MzeeWaTimazi
Nimesoma kimya kimya sasa nichangie kidogo. Vijana mnaongea vipimo vizuri sana ila mnaongea kama vile ukuta umenyooka. Ukuta haujanyooka. Sijawahi kuukuta. Baba Wawili chukua pima maji na timazi uweke pale ukutani utaona mwenyewe, juu mpaka chini inaweza kuachana sentimita 2 bila aibu, na sakafu nayo ina kilima chake. Ukitengeneza kabati la 420 kamili kwa ukuta wa 420 umekwisha, halitaingia, au litaingia upande mmoja limebana upande wa pili unapitisha kidole.

Kwa hiyo masanduku yote jumla yawe mafupi kuliko ukuta, acha kama 3 au 4 kila pembe. Pale pembe unaweka fito, na fito hiyo unaikata kwa kuufuata ukuta. Unaisimamisha wima kwa pima maji, unachukua kipande kidogo cha mbao chenye upana sawa na nafasi kubwa kabisa unayoiona, unakiburuza ukutani kuanzia juu hadi chini huku penseli imebanwa ukingoni mwake inachora kwenye fito. Ule mstari unaopinda pinda ndo sura halisi ya ukuta wako. Unakata nje kidogo ya mstari, unamalizia na randa, umeinamisha randa kidogo ili mgongo wa fito upungue na mbele ibaki kali. Ukisukuma inalala ukutani kama imeota pale, hakuna haja ya kumwaga silikoni. Na hiyo nafasi ya pembeni ina kazi ya pili, bila hiyo droo ya pembeni haivutiki, mshikio unagonga ukuta.

Halafu dari 245. Nani kamwambia huyu bwana kuhusu pembe? Kabati la kimo 240 na kina 60 ukiliunga likiwa limelala sakafuni halisimami, kwa sababu wakati linanyanyuka linapita kwenye mshazari ambao ni zaidi ya 247. Litakwama darini mbele ya macho yako na mke wako anaangalia. Tengeneza kitako cha 10 peke yake kwanza, kisawazishe kwa pima maji na kabari, afu sanduku la 230 mshazari wake ni kama 238, linasimama vizuri unalipandisha juu ya kitako. Au kata chini na juu viwe vipande viwili.

KochiLaPembeni
Mzee "mbele ya macho yako na mke wako anaangalia" nimecheka sana, hiyo inaonekana imemkuta mtu.

MzeeWaTimazi
Imemkuta mteja wangu na fundi aliyenitangulia. Mimi niliitwa kuja kukata.

BabaWawili
Mzee shikamoo. Nimepima sasa hivi, ukuta umeachana sentimita 1.7 na kona ya kulia sio mraba hata kidogo. Swali la shelfu, nilikuwa nawaza ziwe ndefu za mita 1.2 bila nguzo katikati, MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 nipake rangi. Itabeba?

FundiRanda
Haitabeba mkuu. Itashikilia siku ya kwanza, baada ya muda inakaa upinde, na MDF ikishapinda hairudi. Mita moja ya vitabu vya kawaida ni kama kilo 20 hadi 30, vikubwa vya picha vinapita hapo. Sasa sikiliza hesabu ambayo watu hawaijui: kwa mzigo uleule kwa kila mita, ukiongeza urefu wa shelfu mara mbili kulegea hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka mara 16. Kutoka 60 kwenda 90 tu ni karibu mara 5. Unene nao unafanya kazi hivyohivyo kwa faida yako, ukigandisha mbili za 18 ikawa 36 ugumu unapanda mara 8.

Kwa hiyo MDF ya 18 na vitabu usivuke 60 au 70. Plaiwudi ya 18 inaenda 80. Ukitaka zaidi ya hapo gandisha ufito wa mbao ngumu wa sentimita 4 kwenye ukingo wa mbele, usimame wima, na mgongo wa shelfu uushikize kwenye ubao wa nyuma. Huo ufito pia unafanya shelfu ionekane nene, na hapo Bi Kimya atanikubalia, unene ndo unafanya kabati lionekane la nyumba badala ya la dukani.

BiKimya
Nakubali kwa mikono miwili fundi. Shelfu nyembamba ya 18 kwenye ukuta wa mita 4 inaonekana karatasi. Ukingo wa 4 unatupa kivuli chini yake, na kivuli ndo urembo wa bure kuliko wote.

MzeeWaTimazi
Mimi MDF kwenye sanduku sitaki kabisa, maji kidogo ya kudekia sakafu yakigusa ukingo imevimba. Milango ya kupaka rangi sawa, MDF inapokea rangi laini haina mishipa, na hata kwenye mlango kingo zinakunywa rangi kama sifongo, zizibe kwanza, msasa, ziba tena, ndo upake. Ila masanduku plaiwudi. Na ubao wa kitako uwe mbao halisi au plaiwudi ya kustahimili maji, hapo ndo mfagio na tambara la kudekia vinapogonga kila siku.

FundiRanda
Mzee MDF ya kustahimili unyevu ipo.

MzeeWaTimazi
Ipo. Na mimi nipo na plaiwudi yangu.

WayaMwekundu
Naomba niingilie kabla hamjafunga ukuta maana nyie maseremala mkimaliza ndo tunaitwa sisi kuja kutoboa. TV: tafuta kwanza mnakaa wapi. Inchi 65 ina mshazari wa sentimita 165, umbali mzuri wa kuitazama picha za 4K ni kama mara 1.2 hadi 1.6 ya huo mshazari, yani mita 2 hadi 2.6 hivi. Chumba chako kina urefu wa 5.1. Ukibandika kochi ukuta wa nyuma utakuwa zaidi ya mita 4 mbali, utaanza kusema TV ndogo ununue ya 85. Vuta kochi lije katikati, macho yawe mita 2.6 kutoka kwenye kioo, nyuma ya kochi unabaki na karibu mita 2, hapo kuna meza ya homuweki na cherehani na bado watu wanapita.

Kimo: katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho ukiwa umekaa, hiyo ni kama 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Kioo chenyewe kina kimo cha 81 na upana wa 144. Ukikiweka katikati 105 ukingo wa chini unakuja kama 64, kwa hiyo makabati ya chini yasizidi 55. Hapa ndo watu wanaharibu, wanajenga makabati ya chini ya 90 kama jikoni afu TV inapanda, shingo zinawauma wanasema kochi baya.

Waya: pitisha bomba la milimita 50 ndani ya ukuta kutoka nyuma ya TV hadi kwenye kabati la dekoda. Sio la 20, kichwa cha HDMI (ule waya wa picha na sauti) hakipiti. Waya wa umeme uwe na njia yake tofauti. Soketi weka ndani ya makabati, sita hazitoshi utashangaa. Dekoda na rauta zinatoa joto, toboa matundu ya mviringo mgongoni, moja chini moja juu, hewa iingie baridi itoke moto. Na rimoti haipenyi mlango wa mbao, kwa hiyo kabati la dekoda mlango wake uwe wa fito zilizoachana au uliosukwa kwa henzirani. Rauta nayo usiifiche nyuma ya TV, inaficha intaneti yenyewe.

BiKimya
Henzirani hapo ni jibu la mambo matatu kwa mpigo, hewa, rimoti na sura. Ila milango miwili tu ya namna hiyo, sio yote. Ukiweka yote tumerudi hotelini.

BabaWawili
Waya Mwekundu na taa je? Nilitaka stripi za LED kila shelfu.

WayaMwekundu
Kila shelfu ni vurugu, chagua chache. Na iwekwe MBELE ya shelfu nyuma ya ule ufito wa fundi, imulike kwenda nyuma, hapo migongo ya vitabu inasomeka. Ukiiweka nyuma unamulika ukuta na vitabu vinabaki vivuli vyeusi. Rangi ya mwanga 2700 au 3000 Kelvini, ya 6500 waachie maduka ya simu. Stripi iingie kwenye mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe ili usione vidoti, na ile transfoma yake iwe mahali unapoweza kuifikia, sio nyuma ya ubao uliogandishwa, maana huwa inakufa kabla ya taa zenyewe. Weka na dima, ile swichi ya kupunguza mwanga.

NyotaYaPili
Na jamani chochote kirefu kifungwe ukutani kwa skrubu zinazoingia kwenye kitu kigumu, hata kama fundi anasema ni kizito hakiwezi kuanguka. Droo tatu zikivutwa pamoja na mtoto akapanda ya chini, linakuja. TV pia.

FundiRanda
Ni kweli. Na matundu ya shelfu za kuhamisha toboa milimita 5 kila baada ya milimita 32, ndo mpangilio wa kawaida wa viwandani, siku unataka kubadilisha bawaba au reli za droo vifaa vyenyewe vinaendana na mpangilio huo. Watoto wakikua shelfu ya midoli inahama inakuwa ya vitabu vya shule.

DebeTupu
Swali la kijinga, kuna mtu kaongelea unyevu? Kwetu ukuta wa nje unatoka jasho, kabati lililobandikwa pale lilitoa ukungu mgongoni, nguo zote zikanuka.

MzeeWaTimazi
Sio la kijinga hata kidogo. Kabla ya kujenga chukua kipande cha nailoni angavu, kama nusu mita mraba, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne hewa isipite, kiache siku 2. Ukikuta maji upande wa ndani unaogusa ukuta, ukuta wenyewe una unyevu, tafuta chanzo kwanza, bomba au mvua au ardhi, usijenge. Ukikuta maji upande wa juu unaoutazama wewe, ni hewa ya chumba inaganda kwenye ukuta wa baridi, hapo unaacha nafasi ya sentimita 2 nyuma ya kabati na matundu chini na juu hewa itembee. Benchi la dirishani ndo la kwanza kupata shida hii kwa sababu liko ukuta wa nje.

BiKimya
Nimalizie upande wangu. Baba Wawili uliuliza mtu atajuaje wanaishi watu fulani. Kwanza acha sehemu moja ya ule ukuta mrefu bila kujengewa, weka pale kitu chenye miguu chenye umri wake, meza ya zamani, sanduku, chochote mlicho nacho. Kitu kimoja chenye mikwaruzo kinayaokoa makabati mapya yote yanayokizunguka. Pili shelfu zisilingane, chini ziwe na kimo kikubwa juu kidogo, na usijaze, acha theluthi moja ya nafasi kwa vitu ambavyo hamjavileta bado. Tatu ndani ya shelfu za wazi paka rangi nzito kuliko nje, vitu vinatokeza. Nne mishikio: droo ambazo mnagusa kila siku ziwe na mishikio ya mbao au shaba isiyopakwa vanishi, itabadilika rangi pale mikono inapopita.

Wale Shakers wa Marekani, jumuiya ya kidini iliyopenda maisha ya kawaida, walijenga kuta nzima za droo tangu karne ya 19, mbao tupu na kifundo cha mbao, hakuna nakshi hata moja, na hakuna anayesema zinafanana na hoteli. Kila droo ilipimwa kwa kitu chake.

MzeeWaTimazi
Na kama ile kaunta ya juu utaimalizia kwa mafuta ya linsidi badala ya vanishi, ni nzuri, ila matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo. Yanajipasha yenyewe mpaka yanawaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke au yazamishe kwenye maji.

KochiLaPembeni
Weee! Hii sikuijua, nimeishi miaka yote hii.

BabaWawili
Wakuu nimemwaga vitu vyote sakafuni kama fundi alivyosema. Vitabu vimetoka mita 9 na nusu, mita 2 ni virefu. Maboksi ya michezo 14. Kwa hiyo nimechora upya na mama watoto na safari hii kakaa mpaka mwisho:

Ukuta wa TV makabati ya chini tu, kimo 52 pamoja na kitako, kina 45, urefu 413 na fito pembeni. Milango miwili ya henzirani chini ya TV, zingine za kawaida, maboksi yanaingia huko. TV haiko katikati, imesogea kushoto, kulia kwake juu kuna kishubaka cha gitaa na shelfu fupi tatu za 60. Dirishani benchi la 180 kina 60, droo tatu, pembeni makabati mawili ya vitabu ya upana wa 60 hadi juu. Kila moja shelfu 7, hapo ni mita 8 na kidogo, zilizobaki zinaenda kwenye zile shelfu fupi. Kochi katikati ya chumba, meza ya cherehani nyuma yake. Kona ya mlango tumeacha tupu, mke anataka meza ya marehemu mama yake ikae pale.

Nailoni nimeibandika leo ukuta wa dirisha.

BiKimya
Hicho sasa ni chumba cha mtu. Meza ya mama usiipige msasa wala kuipaka rangi ifanane na makabati, tafadhali.

FundiRanda
Safi sana. Upana wa 60 ni wa nje au wa ndani? Kama ni wa nje, toa bavu mbili za 18, shelfu inabaki na 56.4, kwa 14 ni mita 7.9, bado unatosha. Kabla ya kununua shiti chukua selotepu ya karatasi ya rangi, chora nayo makabati yote ukutani na benchi sakafuni kwa ukubwa wake halisi, mkae nayo siku kadhaa. Fungua mlango, pita na kikapu cha nguo, angalia kama kuna mtu anakanyaga mistari. Kati ya benchi na pembe ya kochi mnataka angalau 80.

BabaWawili
Ni 60 ya nje. Sawa fundi. La mwisho kabisa, skating iliyopo (ule ubao wa chini ya ukuta) tunaitoa yote au tunakata tu pale kabati linapoishia?

MzeeWaTimazi
Itoe yote nyuma ya makabati, ikibaki inakusogezea kabati mbele sentimita 1 au 2 na waya zako hazipiti. Itoe taratibu kwa patasi pana na kipande cha ubao nyuma yake usivunje plasta, utaihitaji ileile kuizungushia kwenye kitako. Zile ndefu kata kwa nyuzi 45 kwenye kona za nje. Na usitupe hata kipande mpaka kazi iishe.